Zabibu Mbichi na Maji ya Mlima: Historia ya Madoa ya Meno ya Watoto wa Meru

Wanafunzi wetu wa Agano la Kale wanapoifikia sura ya 18 ya kitabu cha Ezekieli, kwa kawaida hawasumbuki sana. Methali ile ya baba waliokula zabibu mbichi na watoto wakapata ganzi la meno wameisikia tangu shule ya Jumapili, na wanajua kwamba nabii aliikataa, kama Yeremia naye alivyoikataa katika sura yake ya 31. Huandika katika madaftari kwamba kila mtu huchukua dhambi yake mwenyewe, kisha hugeuza ukurasa. Mwaka mmoja mwanafunzi aliyezaliwa upande wa mashariki wa mlima Meru aliinua mkono akauliza kama nabii alipata kuyaona meno ya watoto wa kwao. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, na hapo tukatambua kwamba katika miaka miwili tuliyokuwa tukimfundisha hatukuwahi kumwona akicheka pasipo kuufunika mdomo kwa mkono.

Makala hii imetokana na swali lile. Tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi madoa ya meno yanayosababishwa na floraidi yalivyofahamika, jinsi yalivyotazamwa hapa kwetu chini ya mlima, na ni nani aliyebebeshwa lawama katika kila hatua. Hatuandiki kama mganga wa meno, maana sisi si mganga. Tunaandika kama mchungaji aliyekwisha kukosea katika jambo hili, na yafaa kosa hilo lisemwe mwanzoni kabisa.

Tulipokuwa tungali wageni katika uchungaji tulipewa kufundisha darasa la kipaimara katika usharika mmoja wa mteremko wa Meru. Sisi tulilelewa mbali na hapo, kwenye maji laini, na meno yetu ni meupe. Siku moja, tukifundisha habari za mwili kuwa hekalu la Roho, tulimtaka binti mmoja asimame, tukamuuliza mbele ya wenzake kwa nini hapigi mswaki. Meno yake ya mbele yalikuwa ya rangi ya kahawia, yenye vishimo vidogo, kama bati lililoanza kuliwa na kutu. Alijibu kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, napiga kila siku." Hatukumsadiki. Tulimwambia atumie mkaa uliosagwa pamoja na chumvi. Juma lililofuata alikuja na fizi zilizochubuka, na meno yalikuwa vile vile. Mzee wa kanisa aliyekaa nyuma siku ile hakutukemea darasani. Alitungoja nje, akatabasamu makusudi ili tuyaone meno yake mwenyewe, akasema, "Mchungaji, hayo ni maji."

Yule mzee alikuwa sahihi, na elimu yake ilikuwa imetangulia yetu. Jino la kudumu la mtoto hujengwa ndani ya ufizi muda mrefu kabla halijaonekana. Gamba gumu la nje, liitwalo enameli, hutengenezwa tangu kuzaliwa hadi kama umri wa miaka 8, na kwa meno ya mbele miaka mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, enameli haikomai vizuri. Jino likitoka huwa na mistari myeupe kama chokaa. Hali ikiwa mbaya zaidi, enameli huwa na vinyweleo, hunyonya rangi na kugeuka ya manjano au ya kahawia, hata kumeguka. Hakuna mswaki uwezao kuliondoa doa hilo, kwa kuwa halikupakwa juu ya jino. Limo ndani ya ujenzi wake. Tena mtu mzima ahamiaye mahali hapo meno yakiwa yamekwisha kukomaa hapati doa hata akinywa maji yale yale miaka 40. Ndiyo sababu mchungaji mgeni, mwalimu mgeni na bwana shamba mgeni huweza kukaa kijijini miaka mingi, wakawahubiria watu usafi, wao wenyewe wakiwa na meno meupe wasiyostahili kujisifia. Watoto wao wazaliwao hapo watakuwa na meno ya kahawia. Hapo methali ya zabibu inageuka: baba amekunywa, mama amekunywa, wala hawakupata neno, meno yaliyoharibika ni ya mtoto.

Historia ya kuyafahamu maradhi haya haikuanzia kwetu, na kabla ya kurudi Meru hatuna budi kupita Italia na Marekani. Mwaka 1901 tabibu wa serikali ya Marekani aitwaye J. M. Eager, aliyekuwa Napoli akiwakagua Waitalia waliotaka kuhamia Marekani, aliandika kwamba watu wa sehemu fulani za pwani ile wana meno meusi yasiyosafika. Nchi ile, kama yetu, iko chini ya mlima wa moto, na wenyeji walikwisha kuhisi kwamba chanzo ni volkano. Mwaka huo huo kijana mmoja mganga wa meno, Frederick McKay, alifungua chumba chake cha kazi katika mji wa Colorado Springs, akashangaa kuona wazawa wengi wa mji wana madoa ya kahawia. Hakuna kitabu kilichoyaeleza. Watu walikuwa na sababu zao: kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, maziwa mabaya, kalsiamu katika maji. McKay hakuridhika. Mwaka 1909 alimpata mwalimu mkubwa wa elimu ya meno wa Chicago, G. V. Black, akaja kujionea mwenyewe, na uchunguzi wa wakati huo ulionyesha kwamba karibu watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa mjini pale walikuwa na madoa. Black alilifanyia kazi jambo hili hadi alipofariki mwaka 1915, na chanzo kilikuwa hakijapatikana.

Sehemu ya habari hii tunayoipenda kuliko zote ni ya kijiji kidogo cha Oakley katika jimbo la Idaho. Wazazi wa pale walitambua kwamba madoa yalianza kuonekana kwa watoto wao baada ya kijiji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu iliyokuwa mbali kiasi cha kilometa 8. Walimwita McKay mwaka 1923. Aliyapima maji yale kwa vipimo vya siku zile, hakuona kitu chochote cha kutia shaka. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba lile na kutafuta chemchemi nyingine, nao wakafanya hivyo mwaka 1925. Miaka michache baadaye meno ya kudumu ya watoto wadogo wa Oakley yalitoka safi. Yafaa msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Wazazi wale waliliacha bomba walilogharimia wenyewe, kabla ya mtu yeyote duniani kuweza kuwatajia jina la kitu kilichomo majini. Waliamini meno ya watoto wao kuliko karatasi ya maabara.

Jina lilipatikana mwaka 1931, na lilipatikana kwa njia isiyotazamiwa. Katika jimbo la Arkansas kulikuwa na mji wa wachimba madini uitwao Bauxite, mali ya kampuni kubwa ya aluminiamu. Watoto wa pale walikuwa na madoa, na wa mji mwingine ulio karibu hawakuwa nayo. Wakati huo wapo waliokuwa wakidai kwamba sufuria za aluminiamu zinaleta sumu, na mkemia mkuu wa kampuni, H. V. Churchill, aliogopa kwamba habari za Bauxite zingeongeza moto. Akayapima maji yale kwa chombo kipya cha kuchunguza mwanga, akakuta floraidi miligramu 13.7 kwa lita. Hakusadiki, aliagiza maji mengine yachotwe kwa uangalifu zaidi, akapata jibu lile lile. Kampuni iliyotafuta kulinda jina lake ikawafungulia watu wote mlango. Mwaka huo huo watafiti wa Arizona waliwapa panya maji ya aina hiyo na kupata madoa yale yale, na huko Afrika Kaskazini Mfaransa Velu alionyesha kwamba ugonjwa wa meno wa kondoo, ambao wachungaji wa Kiarabu waliujua kwa jina la darmous, una asili hiyo hiyo. Wachungaji wale wa kondoo walikwisha kuupa jina ugonjwa kabla ya wenye maabara. Baadaye H. Trendley Dean alipanga vipimo vya ukali wa madoa na kuonyesha kwamba kiasi kidogo cha floraidi, karibu miligramu 1 kwa lita, hulinda meno yasioze. Hayo ya kulinda meno ni habari nyingine. Sisi hapa shida yetu haikuwa upungufu wa floraidi hata siku moja.

Sasa turudi mlimani. Meru ni volkano, na majivu na miamba yake imejaa madini ya sodiamu na floraidi. Maji ya mvua yanapopita humo huyachukua, na kwa kuwa kalsiamu ni haba, floraidi haishikwi bali huendelea kuelea majini. Taarifa ya uchunguzi iliyochapishwa mwaka 1984 kuhusu maji ya sehemu hizi za kaskazini ilionyesha mito yenye miligramu 12 hadi 76 kwa lita, chemchemi zenye 15 hadi 63, na mabwawa na maziwa ya magadi yenye 60 hadi 690. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukipendekeza kisizidiwe ni 1.5. Msomaji asidhani kwamba kila tone la Meru ni baya. Ziko chemchemi njema, na katika usharika mmoja vijito viwili visivyo mbali vinaweza kutofautiana kabisa. Wala jicho halisaidii. Wengi wetu tumesikia wageni wakisema kwamba mto wa Maji ya Chai una madhara kwa sababu ya rangi yake. Floraidi haina rangi, haina harufu wala ladha. Maji maangavu kama kioo yanaweza kuwa ndiyo yanayoharibu.

Kanisa letu lina historia yake katika vijito hivi. Mwaka 1896 wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri walipotaka kuanzisha kituo; mwaka 1902 kituo kikaanzishwa Nkoaranga. Tangu hapo shule, zahanati na makanisa vimejengwa pale ambapo maji yalipatikana, kama kila mtu mwenye akili angalivyofanya. Injili, kalamu na ndoo vilikwenda pamoja. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliotutangulia, kwa maana kabla ya mwaka 1931 hakuna aliyeweza kujua. Tunasema kwa sababu baada ya mwaka huo hesabu inabadilika, na nusu ya pili ya habari hii ni ya watu waliokwisha kujua.

Katika habari za Meru wa karne iliyopita hakuna jambo linalotajwa kwa fahari kama kesi ya ardhi. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na sehemu za Leguruki, nyumba zao zikateketezwa, ili nchi ile igawanywe kuwa mashamba ya ng'ombe ya Wazungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza dhuluma hiyo. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini mpango wa mashamba haukufanikiwa, na hatimaye Wameru walirudi. Jina la Ngare Nanyuki ni la Kimaasai, nalo lina maana ya maji mekundu. Tena maji ya huko ni miongoni mwa yale yaliyopimwa na kuonekana yana floraidi nyingi mno. Nchi ile waliyoililia wazee wetu, wakaipigania hadi ng'ambo ya bahari, ndiyo nchi ambayo maji yake yanawatia watoto alama. Mambo haya mawili yote ni kweli, na mhubiri anayehubiri kule asilifiche mojawapo. Nchi njema aliyowapa Mungu baba zetu ina maji mabaya. Watu wa Yeriko walimwambia Elisha maneno ya namna hiyo hiyo: mahali pa mji pazuri, maji mabaya. Hawakuhama. Wala Elisha hakuwauliza ni nani aliyetenda dhambi.

Kwa upande wa waganga, jambo hili liliandikwa wazi upesi. Taarifa za madoa ya meno nchini Kenya zilichapishwa mwaka 1953. Mwaka 1964 Michael Latham, daktari aliyezaliwa Kilosa, pamoja na Paul Grech, walichapisha taarifa kuhusu maradhi ya floraidi katika sehemu za kaskazini mwa Tanganyika. Hawakuishia kwenye meno. Kwa kutumia picha za eksirei walionyesha kwamba floraidi huingia katika mifupa pia, ambayo huwa mizito na migumu isivyo kawaida. Sisi wenyeji tunawajua wazee wasioweza kugeuza shingo, na watoto wenye matege ambao wakunga wamelaumiwa kwa ajili yao. Huko Uhindi habari za mifupa zilikwisha kuandikwa mwaka 1937. Kwa hiyo taifa letu lilipozaliwa, elimu ilikuwapo.

Tunafika penye uamuzi ambao kwetu sisi ndio moyo wa historia hii. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wote wa vijijini maji safi karibu na nyumba zao. Visima vilichimbwa, mabomba yakalazwa, na ikaonekana mara moja kwamba kama kiwango cha kimataifa kingefuatwa, sehemu kubwa ya vyanzo vya maji vya kaskazini na vya nchi kavu ya katikati ingepaswa kufungwa. Mwaka 1974 ukawekwa kwa muda, kwa ajili ya vijiji, kiwango cha miligramu 8 kwa lita. Maji yenye floraidi zaidi ya mara tano ya kile kilichopendekezwa duniani yakawa, kwa mujibu wa karatasi, maji yanayofaa.

Tumewahi kusikia katika mikutano ya wachungaji uamuzi huo ukitajwa kama uovu mtupu. Hatukubaliani. Mwenye kuamua alikuwa na mizani mkononi. Upande mmoja palikuwa na mtoto anayeweza kufa kwa kuhara kabla ya jua kuchwa, na mama anayetembea saa nne kufuata dimbwi la matope. Upande wa pili palikuwa na doa la kahawia litakalotokea miaka 7 baadaye. Nani kati yetu angalikifunga kisima? Lakini hatukubaliani pia na wale wasemao kwamba hapakuwa na hatia yoyote. Neno "kwa muda" ni neno la kuangaliwa sana, katika sheria za nchi na hata katika maazimio ya sinodi zetu. Kiwango hicho cha muda kilidumu miaka mingi. Baadaye kilishushwa hadi miligramu 4, na mwaka 2018 ndipo kilipofanywa 1.5. Tangu 1974 hadi 2018 ni miaka 44. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uamuzi aliweza kuwa babu au bibi kabla karatasi haijasahihishwa, na wajukuu wake wakanywa penye kisima kile kile. Mizigo ya uamuzi ule ilibebwa na watu wasioweza kuhudhuria kikao chochote, kwa kuwa walikuwa bado hawajaota meno.

Na wao, walipoota meno, waliambiwa ni wachafu. Hapa ndipo kosa letu la darasa la kipaimara lilipo, na tunajua si letu peke yetu. Kijana wa Arusha akienda kusoma mkoa mwingine hutambulika kwa meno kabla hajataja kwao. Wapo walioshauriwa kung'oa meno mazima ya mbele. Wapo wasichana waliojifunza kutabasamu midomo ikiwa imefungwa, na katika kwaya wakakaa safu ya nyuma. Tumewaona vijana waliokataa kusomea ualimu, na mmoja aliyesita kusomea uchungaji, kwa sababu kazi hizo ni za kusimama na kufungua kinywa mbele za watu. Wanafunzi wa Yesu, walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza alitenda dhambi nani, yeye au wazazi wake. Swali hilo bado linaulizwa katika viwanja vya shule zetu, ila limebadilishwa likaitwa afya.

Lawama nyingine iliwaangukia akina mama, nayo inahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania, pamoja na wenzao wa ng'ambo, waliona jambo la kushangaza: vijiji vingine vya kaskazini ambavyo maji yake yana floraidi kidogo sana, watoto wake wana madoa makali. Taarifa zilizochapishwa mwaka 1997 na 1998 zilieleza habari hiyo, na jicho likaelekea kwenye magadi. Ni magadi yale yale tununuayo sokoni, ya kulainishia maharage na mahindi ya makande, na huenda mengine yakawa na floraidi nyingi mno. Hutiwa hata katika chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa, yaani katika miaka ile ile ambayo jino la mbele linajengwa. Jambo hili ni la kufundishwa katika kila umoja wa wanawake. Lakini tumewasikia wahubiri wakilishika kwa furaha, kana kwamba sasa mkosaji amepatikana jikoni. Mama hatii magadi kwa anasa. Maharage makavu bila magadi huchukua muda mrefu jikoni, na kuni anazibeba yeye. Anayemwambia aache magadi na asimsaidie habari ya kuni, amemwongezea mzigo tu. Kuloweka maharage usiku kucha husaidia, na hilo halihitaji shahada ya theolojia kulisema mimbarini.

Kuhusu tiba ya maji tutapita upesi. Kuchemsha, ambako tumekufundisha kwa bidii, na ni kwema kwa kuua vijidudu, hakuondoi floraidi hata kidogo. Maji yakipungua kwa mvuke, kiasi chake katika lita huongezeka. Huko Uhindi katika miaka ya 1970 ilibuniwa njia ya kutumia shabu na chokaa, ikaitwa kwa jina la wilaya ya Nalgonda, na ilijaribiwa hapa pia. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya wizara ya maji, imetumika njia ya mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo, husagwa, kisha hutiwa katika ndoo au pipa ili maji yapite humo na kuacha floraidi yake. Nchini Kenya, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanya kazi hii ya mkaa wa mifupa kuwa sehemu ya huduma yake, na hapo ndugu zetu wametushinda. Tukiri bila wivu. Mwaka 2015 Mtanzania Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kwa ajili ya chujio lake la maji.

Mkaa wa mifupa una shida zake. Ukichomwa vibaya hutoa harufu, ukichoka haujitangazi, na wako watu wanaosita kunywa kilichopita katika mifupa. Mzee mmoja alituambia kwamba hatakunywa makaburi ya ng'ombe. Tulimkumbusha bonde la Ezekieli na mifupa iliyopata uhai. Akatujibu kwamba ile ya Ezekieli haikutiwa katika ndoo. Tukakosa la kusema.

Lakini ipo njia moja ambayo makanisa yetu yangeweza kuifuata tangu zamani bila kungoja mtaalamu, nayo ni mvua. Maji ya mvua hayajapita katika mwamba, kwa hiyo karibu hayana floraidi. Mtoto hahitaji maji ya mvua ya kuogea wala ya kufulia. Anahitaji ya kunywa na ya kupikia uji katika miaka ile michache, na hayo si mengi. Na ni nani mwenye mapaa makubwa ya bati katika kila kijiji cha mlima huu, kama si Kanisa na shule zake?

Miaka mingi baada ya lile darasa la kipaimara, tulialikwa kuhubiri katika usharika ule. Baada ya ibada mama mmoja alitujia, amembeba mtoto wa miezi mitano aliyebatizwa asubuhi ile. Alikuwa yule binti. Tulimwomba radhi, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa mbele ya mdomo, kisha akasema kwamba hakutujia kwa ajili ya hayo, alikwisha kuyasahau, au tuseme alikwisha kuyazoea. Alitaka kujua jambo moja tu: mtoto huyu akiachishwa ziwa, atamnywesha maji gani? Tulitazama juu ya kanisa. Bati lilikuwa jipya, la buluu, limelipiwa kwa mavuno ya kahawa ya miaka mitatu, na halikuwa na hata futi moja ya mfereji. Mvua ya masika ilikuwa imechimba mtaro kuzunguka ukuta wote.

Jambo hilo lilifikishwa katika baraza la wazee juma lile lile. Kulikuwa na fedha zilizokwisha kuchangwa kwa ajili ya kengele. Majadiliano yalichukua vikao viwili, na yule mzee aliyetutabasamia zamani, ambaye sasa shingo yake haigeuki, ndiye aliyesema la mwisho. Mifereji ilifungwa upande wa kusini wa paa, tangi la lita 5,000 likawekwa karibu na mlango wa sakristia, na funguo wanazo akina mama wenye watoto chini ya miaka 8. Usharika bado unaitwa ibadani kwa rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini.